Terrace ya Nani?

Mwezi wa nne nilikuwa juu ya ghorofa moja hapa Nairobi, mahali pameandikwa Terrace mlangoni. Kahawa mia nne na hamsini. Maua ya plastiki kila mahali. Sikuwa nimeenda kunywa kahawa, wacha niseme ukweli. Nilienda kupiga picha za kupost.

Simu ikalia. Susu, kutoka Kilungu.

"Mwana wakwa, mvua imebomoa terasi ya pale chini. Udongo umeenda mtoni wote. Unakuja lini?"

Nikamwambia nitampigia baadaye, kwa sababu saa hiyo niko kwa terrace. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Ya nani?"

Wasee wangu walicheka sana nilipowaambia. Hata mimi nilicheka. Lakini usiku hilo swali lilikataa kuniacha nilale, nikaamka nikaanza kulifuatilia hilo neno.

Kumbe asili yake ni udongo. Kilatini kinasema terra, yaani ardhi. Wafaransa wakapata terrasse, lundo la udongo lililoinuliwa na kusawazishwa juu. Waingereza wakalichukua kwenye karne ya 16. Ndugu zake unawajua: territory ni eneo la ardhi, na hata mbwa anayeitwa terrier alipewa jina hilo kwa sababu alikuwa anaingia mashimoni ardhini kufukuza wanyama.

Halafu neno likaanza kutembea. Matajiri wakajenga sehemu za kupunga upepo nje ya nyumba zao, zikaitwa terrace. Mjini London nyumba zilizoshikana kwa mstari mmoja zikaitwa terrace. Kwenye viwanja vya mpira, zile ngazi za saruji ambapo mashabiki wa kawaida walisimama na kuimba ziliitwa terraces. Baada ya mkasa wa Hillsborough mwaka 1989, uliogharimu maisha ya watu 97, viwanja vya ligi kuu ya Uingereza vililazimishwa kuweka viti. Leo hapa Nairobi, terrace ni mahali pa juu penye upepo na bei mbaya.

Yaani neno lilizaliwa kwenye udongo, likapanda ghorofa, likasahau kwao. Kama mimi tu.

Lakini kuna mahali halijasahau. Ukitoka Mombasa Road pale Salama, upande kuelekea Nunguni, angalia vilima vya Kilungu. Miteremko ni mikali hadi unajiuliza mahindi yanashikilia nini. Yanashikilia terasi. Mlima mzima umekatwa kama ngazi. Wakonso wa Ethiopia wana zao za mawe, na UNESCO iliziweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2011. Zetu hakuna mtalii anazipiga picha.

Na zina historia chungu. Miaka ya 1930 wakoloni walisema Ukambani kunaharibika, udongo unaisha, na kosa ni la Wakamba na ng'ombe wao. Mwaka 1938 wakaanza kuwanyang'anya mifugo. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kulalamika, na baadaye serikali ikamhamishia Lamu kwa nguvu. Ndiyo, ni yule wa Muindi Mbingu Street, hapo karibu na City Market. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu wakalazimishwa kuchimba terasi. Kwa hivyo uhuru ulipokuja, wengi hawakutaka hata kusikia hilo neno. Lilikuwa neno la adhabu.

Kilichobadilisha mambo ni mwethya, vikundi vya kusaidiana. Wengi wao walikuwa akina mama, wanazunguka shamba kwa shamba, leo kwako kesho kwangu. Walichimba kwa sababu sasa mavuno yalikuwa yao. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu Machakos ya zamani, wakati ilijumuisha Makueni yetu. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, lakini mmomonyoko ukapungua. Wale waliolaumiwa kwamba wanaharibu ardhi ndio walioiokoa.

Sasa sikia hii. Ile terasi ya kwetu unachimba mtaro, unarusha udongo upande wa juu, unapanda nepia kwenye tuta. Miaka ikienda, udongo unajaa nyuma ya tuta na shamba linakuwa tambarare lenyewe. Inaitwa fanya juu. Ukirusha udongo chini, ni fanya chini. Na wataalamu wa udongo wakiandika kwa Kiingereza, wanaandika hivyo hivyo: fanya juu terrace. Walituletea neno, tukalirudisha likiwa na Kiswahili ndani.

Mimi hiyo nilikuwa nimeikariri kwa jiografia ya KCSE, nikapata maksi, nikaisahau. Sikuwahi kuiunganisha na mgongo wa Susu.

Nilienda wiki iliyofuata. Baridi ya Nunguni haina mchezo. Susu alikuwa ameshaita majirani wawili, wote wamepita miaka sitini. Vijana? Tuko Nairobi. Tulivuta kamba na pima maji, tukachimba siku tatu. Siku ya kwanza mikono yangu ilitoa malengelenge, na yule jirani mmoja akaniambia nipumzike, yeye ataendelea. Aibu niliyosikia hapo siwezi kuieleza vizuri.

Tulitengeneza nusu tu. Nusu ingine iko wazi, na mvua za mwezi wa kumi zinakuja. Nimeweka pesa kando ya nauli, na ndugu zangu wawili wamesema watakuja. Tutaona.

Susu, swali lako nimelijibu. Ile ya ghorofani si yangu, nilikuwa nimelipia saa mbili za kukaa. Yangu ni hiyo imebomoka.

Na wewe unayesoma hii: ushago kwenu, nani anachimba siku hizi?