Karuma hadi Murchison: fomu imerudishwa

Najua nimeadimika. Mitihani imeisha Ijumaa iliyopita, hosteli imebaki na watu wa kuhesabu, na mie nina siku mbili nimekaa sakafuni katikati ya kamba, mifuko isiyopitisha maji na kilo mbili za dagaa. Mwenzangu wa chumbani kahamia kwa jirani kwa sababu ya harufu. Simlaumu.

Ni hivi. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tuko watu watano tunaoshuka mto Nile kwa kayaki, kuanzia chini ya Karuma mpaka karibu na maporomoko ya Murchison. Kama kilomita 80 hivi, siku nne, ndani ya hifadhi, hakuna kijiji wala duka. Kwa asiyejua, kayaki ni kile kimtumbwi cha plastiki cha mtu mmoja: unakaa ndani umenyoosha miguu, na kiunoni unavaa kitu kama sketi ya mpira inayoziba mdomo wake maji yasiingie. Ukipinduka unajigeuza kwa kasia, unarudi juu. Ukishindwa, unachomoka na kuogelea. Na kwenye mto huu hakuna anayetaka kuogelea.

Mie mtoto wa Bukoba haya mambo nimejifunzia Jinja, wikendi, tangu mwaka wa kwanza. Maji yale yale ya ziwa letu, ila pale yanatoka mbio. Jamaa walionifundisha wakianza kusimulia mto wa zamani, utadhani wako matangani. Bwawa la Bujagali lilipozinduliwa 2012, maporomoko yao yalikuwa yameshazama. Isimba ikaja 2019, ikameza mengine. Hata huko Karuma, tangu bwawa la megawati 600 lizinduliwe 2024, maji yanapitishwa kwenye mahandaki chini ya ardhi na kurudi mtoni mbele zaidi, kwa hiyo ilibidi tupange upya pa kuanzia. Umeme tunautaka wote jamani, hata hii kompyuta inautumia. Lakini ndiyo maana nataka kuiona hii sehemu sasa, siyo nikishastaafu.

Kiongozi wetu tunamwita Ssebo, mtu wa maneno machache. Kwenye kikao cha kwanza nilitegemea atuchoree maporomoko. Akachora viboko.

"Mwamba unakaa palepale," akasema. "Kiboko anahama."

Hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma. Mchezo huu wote unakufundisha kwamba ukimaliza maji makali unakimbilia maji yaliyotulia, nyuma ya mwamba au kandokando, upumzike na kusubiri wenzako. Sasa kiboko naye mchana hupenda hayo hayo maji yaliyotulia. Yaani kila nilichozoea kukiita salama, huko ndiko kwenye mwenyewe. Mpango ni kukaa katikati ya mkondo, kugonga kayaki kwa kasia kabla ya kona ili wajue tunakuja, na kutosogelea ukingo mpaka mtu wa mbele aseme.

Mamba ni habari nyingine. Tutapiga makasia tumekaribiana, tuonekane kama mnyama mmoja mkubwa. Ssebo hakutudanganya kwamba hiyo ni dawa. Hendri Coetzee, yule wa Afrika Kusini aliyeongoza safari ya mwaka 2004 kutoka chanzo cha Nile Uganda hadi baharini, Desemba 2010 alikuwa na wenzake wawili kwenye mto Lukuga kule Kongo, wamekaribiana hivyo hivyo. Mamba alimvuta ndani ya maji pamoja na kayaki yake, hakuonekana tena. Na huyo ndiye aliyekuwa mzoefu kuliko wote.

Mwisho wa safari nao una masharti. Pale Murchison Nile nzima inajibana kwenye upenyo wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Lazima tutoke mapema, upande wa kusini ambako gari linafika. Ukipitiliza, hakuna cha kujigeuza.

Chakula ni mchele, dagaa, karanga za kusaga, na kahawa ya kutafuna kutoka nyumbani. Nyuma ya kiti cha kayaki nafasi ni kiduchu, sufuria moja tu watu watano. Simu ya setilaiti tumekodi kwa hela inayokaribia kodi yangu ya mwezi. Tulibishana sana, nikiwa wa kwanza kubisha, na nilikosea.

Basi bwana, ikaja fomu. Kibali cha hifadhi kina mambo yake, hii ni ya kwetu wenyewe: jina, kundi la damu, dawa unazotumia, mtu wa kupigiwa simu. Nikaandika kaka yangu wa Mwanza. Ssebo akaisoma, akauliza, "Huyu anajua unakwenda wapi?" Nikasema bado. Akanirudishia. "Wa kwako asipojua, huendi."

Mama yangu hapendi maji. Mdogo wake, mjomba ambaye sikumkuta, alipanda MV Bukoba akirudi shule, ikazama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Alikuwa daraja la tatu, na daraja la tatu hakukuwa na orodha ya majina. Familia ilikaa siku nyingi ikibishana kama kweli alipanda.

Nikapiga Jumapili baada ya misa. Shikamoo mama, marahaba baba, nikamwaga yote kwa pumzi moja. Kimya. Nikadhani salio limekata. Halafu: "Waitu. Mko wangapi?" Watano. "Nitajie." Nikasikia anatafuta kalamu. Akaandika majina yote, na la baba wa kila mmoja, na siku tunayotoka na saa tutakayopiga. Akauliza mtu akivunjika mguu siku ya pili anatolewa wapi. Sikuwa na jibu, nikampigia Ssebo, naye kumbe alikuwa nalo la siku ya kwanza na ya nne tu. Wiki hii yote tumekuwa kwenye ramani tukitafuta la siku ya pili na ya tatu.

Hajasema niende. Alisema, "Andika jina langu, siyo la kaka yako."

Kilichobaki ni mkono wangu wa kushoto. Kayaki yenye mzigo ni nzito kugeuza, na upande wa kushoto bado nabahatisha. Ssebo kasema kumi kwa kumi, la sivyo nitakuwa dereva wa kuwasubiri kule juu ya maporomoko. Nikamwambia na mama, maana sasa hakuna kuficha, na kila jioni anapiga: "Kushoto vipi?"

Jana ilikuwa saba.