Niliua Minyoo, Nikaisahau Mishipa: Safari Yangu ya Kwanza Misri

Nilipata pasipoti nikiwa na miaka 44, miaka kumi na mmoja baada ya kuhitimu ubingwa wa magonjwa ya ndani. Kabla ya hapo safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya basi, Mwanza hadi Dar es Salaam. Pasipoti ile niliitafuta kwa sababu ya mvuvi mmoja wa Ukerewe.

Alikuwa kijana wa miaka 31. Alipokuja kwangu mara ya kwanza, bandama lake lilikuwa limevimba hadi kitovuni na damu ilikuwa pungufu. Kipimo cha choo kilionyesha mayai ya kichocho cha tumbo, ugonjwa tunaoujua vizuri sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Nikampa praziquantel, nikamwambia amepona. Miezi tisa baadaye mkewe alimleta usiku kwa boti, shuka limelowa damu. Alikuwa akitapika mabonge. Tulimtundikia chupa mbili za damu. Ya tatu haikupatikana. Alfajiri alifariki. Mkewe aliniuliza swali moja tu: "Daktari, si ulituambia amepona?"

Sikuwa na jibu, ingawa jibu nilikuwa nimelisoma chuoni. Mayai ya mnyoo yule hunasa kwenye mishipa midogo ya ini, mwili ukayazungushia makovu. Damu itokayo utumboni ikikosa njia hurudi nyuma, ikavimbisha bandama na mishipa ya umio. Dawa huua mnyoo, lakini kovu la miaka mingi haliondoki upesi, na mishipa iliyovimba hubaki palepale ikingoja kupasuka. Kijana yule alitakiwa kupimwa umio kwa kamera, aanzishiwe dawa ya propranolol, na mishipa ifungwe mapema kwa mipira midogo. Niliua minyoo, nikaisahau mishipa.

Baraza la Madaktari Tanganyika hututaka tuwe na pointi za mafunzo endelevu ili leseni ihuishwe. Mimi nilikuwa nazo. Nilizipata kwenye kumbi za hoteli, nikisaini daftari la mahudhurio asubuhi, na tena baada ya chakula cha mchana. Leseni yangu ilikuwa hai, ujuzi wangu ulikuwa umelala. Baada ya kifo kile niliomba nafasi katika kozi ya wiki mbili ya magonjwa ya ini, Kairo. Nauli nililipa kwa mkopo wa SACCOS.

Wenzangu waliuliza kwa nini Misri na si Ulaya. Niliwajibu kwamba kichocho chetu Wamisri nao wamekaa nacho muda mrefu. Mwaka 1851 daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliwaona minyoo wa kichocho kwa mara ya kwanza ndani ya maiti aliyoipasua katika hospitali ya Kasr Al-Ainy, mjini Kairo. Tena mto upitao mbele ya hospitali hiyo ni Nile, na sehemu ya maji yake imetoka kwenye ziwa letu.

Ndege iliondoka Dar es Salaam usiku. Kulipopambazuka nilisogeza pazia la dirisha nikaona jangwa la rangi ya mchanga mkavu, na katikati yake mstari wa kijani, mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Mamilioni ya watu wanaishi ndani ya mstari ule, na ndani yake vilevile kichocho kilipata makazi, kwenye mifereji ya kumwagilia mashamba.

Dereva wa teksi alikuwa mzee, ameweka wimbo wa taratibu wenye vinanda vingi. Aliponitajia mwimbaji, Abdel Halim Hafez, nilimkumbuka baba yangu, mzaliwa wa Tanga, aliyeipenda sauti ile bila kuelewa maneno yake. Hafez alifariki London mwaka 1977, akiwa na miaka 47. Alikuwa ameambukizwa kichocho utotoni, ini likaharibika, na kwa miaka mingi alikuwa akitapika damu. Mmoja wa waimbaji wakubwa wa zama zake aliondoka kwa ugonjwa ule ule uliomchukua mvuvi wangu.

Asubuhi ya kwanza darasani tulikuwa madaktari kumi na wanane, wengi kutoka Sudan, Uganda na Nigeria. Profesa aliyetufundisha, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, hakuanza na picha za ini. Alifungua kisanduku akatoa bomba la sindano la kioo, akalipitisha mkono kwa mkono. Lilipofika kwangu nilishangaa uzito wake. Namba za ubavuni zilikuwa zimefutika nusu kwa kuchemshwa, na pistoni, nayo ya kioo, iliteleza bila sauti.

Kisha akatusimulia. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Misri iliendesha kampeni kubwa ya kutibu kichocho vijijini. Vidonge vya praziquantel vilikuwa havijafika. Dawa ilikuwa ya kuchomwa kwenye mshipa, na mtu mmoja alihitaji kuchomwa mara nyingi, wiki baada ya wiki. Mabomba yalikuwa machache na watu wengi, hivyo yakachemshwa haraka haraka yakarudi kazini. Ndani ya damu iliyobaki mlikuwa na kirusi ambacho dunia haikukitambua hadi mwaka 1989: kirusi cha homa ya ini aina ya C. Mwaka 2008 utafiti wa kitaifa ulikuta karibu asilimia 15 ya Wamisri wa miaka 15 hadi 59 wana dalili ya kuwahi kuambukizwa. Watu waliponywa minyoo, wakapewa ugonjwa mwingine wa ini.

Profesa alisema wale hawakuwa madaktari wabaya, walikuwa walimu wa walimu wake. Walifanya walichofundishwa, kwa bidii na kwa huruma, lakini walichofundishwa kilikuwa hakitoshi tena. Nilikuwa nimeshika bomba lile bado. Niliona aibu, na nikaona pia kwamba si mimi peke yangu.

Siku ya tatu tulipita wodini. Mzee mmoja wa mashamba ya Delta alikunja mkono wa kanzu akatuonyesha mkunjo wa kiwiko. Daktari kijana alitutafsiria: alipanga foleni uwanjani shuleni akiwa mtoto, kila wiki, na mwalimu alikuwa akiita majina. Kiarabu sikijui, lakini maneno mawili niliyashika bila mkalimani, dawa na damu, maana ni yetu pia.

Wiki ya pili ilikuwa ya mikono. Tulifanya mazoezi kwenye sanamu la plastiki, kisha tukatazama wagonjwa wa kweli kwenye skrini. Ncha ya kamera huvishwa kikombe kidogo angavu, kilichozungushiwa mipira ya raba iliyovutwa hadi ikakaza. Mganga huusogelea mshipa, huuvuta kwa hewa mpaka uingie ndani ya kikombe na skrini nzima kuwa nyekundu. Hapo huzungusha kigurudumu, mpira huchomoka ukaubana mshipa kwenye shina lake. Kikombe kikirudi nyuma, unaona kifundo cha rangi ya zambarau, kama zabibu. Ndani ya siku chache kitakauka na kudondoka. Mara ya kwanza, kwenye sanamu, niliachia mpira mapema, ukabana hewa tupu. Profesa alinishika kifundo cha mkono akasema nisubiri wekundu ujae. Nilirudia mara arobaini na moja, nilikuwa nikihesabu.

Siku ya mwisho walitueleza jinsi Misri ilivyojisafisha na homa ya ini aina ya C. Kuanzia Oktoba 2018, kwa muda wa miezi saba, walipima karibu watu milioni 50 na kuwatibu bure waliokutwa na kirusi, kwa vidonge vilivyotengenezwa nchini kwao. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia hatua ya dhahabu kuelekea kuutokomeza ugonjwa huo. Kazi ya namna hiyo mabingwa peke yao wasingeiweza. Ilibidi madaktari wa kawaida na wauguzi waketi darasani upya.

Hapo ndipo tulipotajiwa Sanjeev Arora, bingwa wa ini wa New Mexico, Marekani. Mwaka 2003, akichoshwa na wagonjwa waliongoja miezi kumwona, alianza kukutana kwa video kila wiki na matabibu wa vijijini, wakijadili mgonjwa mmoja mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa waliotibiwa homa ya ini aina ya C na matabibu hao walipona kwa asilimia 58.2, na waliotibiwa kliniki ya chuo kikuu asilimia 57.5. Ujuzi ulisafiri, mgonjwa akabaki nyumbani.

Nimerudi na mambo mawili. La kwanza ni mkono unaojua kusubiri wekundu ujae. Nimeendelea kujifunza chini ya usimamizi wa bingwa wa hospitali ya rufaa, na sasa nafunga mishipa, mipira inapokuwepo. La pili ni Alhamisi. Saa nane mchana, kwa simu tu, matabibu wa vituo vya visiwani hunieleza wagonjwa wao. Tumeanza na bandama: kila lililovimba, mishipa iangaliwe. Tumefika kwenye homa ya ini aina ya B, ambayo kwa miaka nilikuwa nikiwaambia wagonjwa kula vizuri na kusubiri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 umepanua idadi ya wanaostahili tiba, na tenofovir, inayotumika kuitibu, ni dawa iliyozoeleka kwenye kliniki zetu za VVU.

Nawaomba waganga wakuu muwaruhusu madaktari wenu wakasome, na msiwahesabie siku hizo kuwa likizo. Nawe msomaji wa kanda ya ziwa, ukitibiwa kichocho na bandama lako limevimba, usiondoke kabla hujauliza: "Daktari, na mishipa je?" Mke wa mvuvi yule aliniuliza nikiwa nimechelewa. Wewe uliza mapema.