Maktaba ya Bahari na Maneno ya Gazi

Katika madarasa ya fasihi, methali isemayo "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani" aghalabu hufafanuliwa kuwa ni nasaha ya mtu kurudi kwao. Ufafanuzi huo si makosa, lakini umekauka. Ngama ni sehemu ya chini kabisa katika tumbo la chombo, yanapokusanyika maji yanayovuja. Baharia harejei huko kwa kupapenda. Hurejea kwa sababu maji hayo yasipotekwa chombo kitazama. Mhakiki asiyeijua ngama huipoteza hofu iliyomo katika methali.

Mtafiti wa historia ya bahari katika pwani ya Kenya yumkini ataanzia Mombasa, katika maktaba ya Ngome Yesu. Mbele ya ngome hiyo, ilipokuwa imezingirwa na Waomani, ilizama mwaka 1697 meli ya vita ya Wareno, Santo António de Tanná. Wanaakiolojia waliichimbua kati ya 1977 na 1980, wakazipima na kuzichora mbao zake, na taarifa zao wakaziandika kwa Kiingereza. A.H.J. Prins naye alitumia lugha hiyo hiyo katika Sailing from Lamu (1965). Hazina hizi hazifai kubezwa. Ila mhakiki wa Kiswahili huzisoma kinyumenyume, akiyatafutia mambo ya kwao majina ya kwao.

Majina hayo hayako mbali. Katika nyaraka, Gazi, kijiji cha pwani ya Kwale, hujitokeza zaidi kama makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, kisha akakimbilia upande wa Wajerumani. Vita hupata majalada. Uundaji wa vyombo hupata machache. Na katika ghuba hiyo ndiko uliko mlilana, mkoko usimamao karibu zaidi na bahari kuu, ambao mbao zake zilizopinda hufanywa mataruma, yaani mbavu za chombo. Tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko ya Gazi, na mapato yamesaidia shule na huduma ya maji. Ni heri kwa msitu na kwa wanakijiji. Lakini fundi asiyekata mlilana atamwonyesha mwanawe kwa sababu gani tawi lifaalo kuwa taruma?

Maktaba ya bahari inahitaji basi rafu ya sauti: fundi akizitaja sehemu za chombo huku akizigusa, kutoka omo hadi tezi, kisha akishuka ngamani.