Usiiwashe

Huku Kahama watu hawasemi kusakinisha. Wanasema kupiga Windows. "Fundi, nipigie Windows." Unataja bei, mteja anaacha mashine, anakwenda sokoni, na jioni anaikuta kama mpya. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka kwenye kibanda cha steshenari, kati ya mashine ya fotokopi na friji ya soda, nikitumia flashi moja ya gigabaiti 8 niliyoifunga uzi mwekundu ili isichanganyike na za wateja.

Flashi hiyo niliandaliwa na fundi mwenzangu wa Mwanza. Faili la Windows 10 lilizidi gigabaiti 4, na kwa bei za bando hakuna aliyekuwa tayari kulipakua mara mbili, kwa hiyo flashi moja ilizaa nyingine. Ukilinakili faili lile kama unavyonakili wimbo, mashine haioni kitu. Lazima programu kama Rufus ilifumue na kuiandaa flashi ili kompyuta, inapowaka, iikubali kuwa mahali pa kuanzia. Baada ya hapo unachomeka, unawasha, unabonyeza F9 kama ni HP, F12 kama ni Dell au Lenovo, na unachagua flashi badala ya diski. Mambo ya dakika chache. Mikono inayajua bila kukuuliza.

Windows 7 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, na kuanzia siku iliyofuata mashine nyingi zilionyesha taarifa ya Kiingereza iliyojaza kioo kizima. Watu wakadhani kompyuta zao zimekufa. Ndani ya wiki hizo alikuja mama mmoja kutoka Kakola, mji uliokua kando ya mgodi wa Bulyanhulu. Kompyuta mpakato ilikuwa ndani ya mfuko wa rambo, imeviringishwa kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hii ni ya marehemu mume wangu. Kijana anaanza chuo, nataka aitumie. Ina maandishi haya, haitoki."

Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtu. "Kuna kitu cha muhimu humu ndani?"

"Hakuna. Mimi hata kuiwasha siwezi."

Nilisikia nilichotaka kusikia. Siku ile nilikuwa na mashine nyingine nne mezani.

Kuna ukurasa mmoja katika safari hiyo unaouliza Windows iwekwe wapi. Unakuonyesha diski ilivyogawanywa vipande, kama shamba la urithi. Unaweza kufuta kipande kimoja tu, kile chenye Windows ya zamani, na kuacha vingine. Mimi nilizoea kufuta vyote, kwa sababu ni haraka na shamba linabaki jeupe. Kila mara mashine inakuonya kwamba vilivyomo vitapotea, inauliza kama una uhakika, na unabonyeza OK. Onyo lilikuwa kwa Kiingereza. Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 tunajua kwamba kompyuta inaweza kuongea Kiswahili, lakini ya siku ile hata ingeongea isingesaidia. Aliyepaswa kujibu alikuwa stendi akinunua maji. Nilijibu mimi kwa niaba yake, mara tatu.

Alirudi baada ya siku tatu, akiwa na kijana wake. Hakuwa na hasira. Alisema picha hawazioni.

"Picha zipi, mama?"

"Za baba yao. Alikuwa akizihamisha kutoka kwenye simu, simu ikijaa. Mdogo wao wa mwisho alikuwa na miezi minne baba yake alipofariki. Picha zao pamoja ziko humo tu."

Ndipo nilipoelewa tulivyopishana. Nilipouliza kuhusu kitu cha muhimu, yeye alifikiria vyeti, hesabu za watu, mambo ya ofisi. Picha za mume wake hazikuwa kitu. Zilikuwa mume wake.

Nikadanganya. Nilisema mashine ilikuwa na virusi vingi, kwamba pengine vilishakula mafaili kabla haijafika kwangu. Fundi yeyote anajua urahisi wa uongo huo. Mteja hana namna ya kuupima. Mama alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Haya baba, Mungu ndiye anayejua," akaiviringisha tena kwenye kitenge. Hata akaninunulia soda.

Usiku nilimkumbuka mjomba wangu.

Nimekulia Nyarugusu, Geita. Mjomba hakuwahi kushuka duarani. Yeye alinunua marudio, yaani mchanga ambao wenzake wameshausaga kwenye karasha, wameuosha na kunasa dhahabu yake kwa zebaki. Kwa mwenye duara, mchanga ule umekwisha kazi. Mjomba alijua dhahabu bado imo, ndogo mno kuonekana kwa macho, na aliupeleka kwa wenye matangi ya sayanidi ikatolewa. Hofu yake kubwa ilikuwa mtu kuja kumwaga udongo mwingine juu ya rundo lake. Alikuwa tayari kulala pale nje kulilinda.

Diski ya sumaku, kama ile ya mama, ina tabia inayofanana na hiyo. Unapofuta vipande vyake, hufuti picha. Unachana ukurasa wa yaliyomo, ule unaosema picha fulani iko mahali fulani. Kurasa nyingine zinabaki zilivyo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ingekuwa diski ya SSD, huenda hadithi ingeishia pale, kwa sababu Windows huijulisha diski ya aina hiyo sehemu zisizo na mwenyewe, nayo huzisafisha moja kwa moja. Lakini hii ilikuwa diski ya zamani ya gigabaiti 500, na Windows mpya ilikuwa imekalia kama 20 tu.

Asubuhi, kabla sijafungua kibanda, nilimpigia.

"Mama, shikamoo. Ile mashine, usiiwashe. Mwambie kijana asiiguse kabisa."

"Kuna nini tena?"

"Si virusi, mama. Ni mimi niliyefuta. Nilikudanganya."

Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema atapanda gari la saa nne.

Kijana alikuwa ameitumia siku zote zile. Alikuwa amejaza sinema alizopewa na rafiki zake. Udongo juu ya rundo. Sikumlaumu, hakuna aliyemwambia.

Niliifuta flashi yangu ya uzi mwekundu na kuiandika upya, safari hii kwa Linux. Linux inaweza kuendeshwa ndani ya flashi yenyewe, diski ya kompyuta isiguswe hata kidogo. Hapo nilijisikia vibaya zaidi, maana kwa njia hiyohiyo ningeweza kuchungulia na kunakili kila kitu siku ya kwanza. Nikaazima diski ya nje ya kupokelea, nikawasha PhotoRec. Programu hiyo ni ya bure na haihitaji ukurasa wa yaliyomo. Inapita diski nzima kutoka mwanzo, ikitafuta alama ambazo kila picha huanza nazo. Ilianza jioni. Umeme ulikatika mara mbili, betri ikashikilia mara ya kwanza, mara ya pili nikakimbilia jenereta ya jirani mwenye saluni. Ilimaliza kesho yake mchana.

Zilitoka nyingi, na nyingi zilikuwa takataka: alama za programu, matangazo ya intaneti. Za familia zilikuwa mia tatu na kitu. Baadhi zilikuwa nusu, juu watu, chini kijivu kitupu. Na hakuna hata moja iliyorudi na jina lake. Zilikuja na namba tu, herufi f na tarakimu nyingi mbele yake.

Mama alikaa kwenye kiti cha wateja, nikamfungulia moja moja. Hii ni siku tuliyohamia Kakola. Huyu ni shemeji yangu, hapa hajanyoa. Hii ni ng'ombe aliyemnunua baada ya lile duara kutema. Yeye anataja, mimi naandika jina kwa maneno yake. Wateja wa fotokopi walisubiri, wengine wakasogea kutazama. Ya baba na mtoto tuliipata moja nzima na moja nusu. Ile ya nusu inaonyesha uso wake akiangalia chini, anacheka, na alichokuwa akikiangalia kimegeuka kijivu.

"Hii nayo iandike," alisema. "Andika: anamwangalia mwanawe."

Nilimrudishia pesa yake. Alikataa nusu.

Tarehe 14 Oktoba 2025 ikawa zamu ya Windows 10 kuachwa, na foleni imerudi. Mashine nyingi za huku hazina chipu ya TPM 2.0 ambayo Windows 11 inaitaka, kwa hiyo baadhi naziwekea Linux. Siulizi tena kama kuna kitu cha muhimu. Nawasha kwa flashi, nafungua folda mbele ya mwenyewe, namwomba akae. Ninauliza: "Hawa ni akina nani?"