Askari wa Mwili Wanapodanganywa

Akina mama wenzetu, wengi wenu mliowahi kusafiri kwa basi kati ya Mtwara na Masasi mnaijua Nanganga, pale inapochepuka njia ya kwenda Ruangwa. Hapo ndipo sisi wauguzi wawili tunapokutana na kikundi cha akina mama wa kanisa, mara moja kwa juma, kazi za shamba zikiruhusu. Kwa miaka mingi tumefundisha lishe, uzazi na UKIMWI. Katika somo la UKIMWI tulikuwa na mfano tulioupenda mno: chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, wakiwa wengi tuko salama, wakipungua adui anaingia. Hata bibi zetu waliuelewa. Hatukujua kwamba siku moja mfano huo ungetugeukia.

Mwenzetu mmoja wa kwaya, mama wa watoto wanne, alikuwa na uvimbe mdogo shingoni, kando ya kikoromeo. Haukumwuma. Alidhani ni rovu la kawaida, akaufunika kwa khanga. Kisha akapita mchuuzi wa dawa za chupa aliyemwambia kwamba dawa yake huongeza askari wa mwili. Mama alinunua chupa tatu kwa fedha za korosho. Alipotuonyesha ile shingo miezi minane ilikuwa imepita, uvimbe ulikuwa mgumu kama kokwa, na sauti yake imeanza kukwaruza. Tulipomwuliza kwa nini alikawia, alijibu kwa upole, "Dada, si ninyi mliosema askari wakiwa wengi adui hapiti?"

Tulikosa la kumjibu. Jioni ile tulifungua vitabu vyetu tena, na katika miezi iliyofuata tukawasumbua madaktari kwa maswali. Haya ndiyo tuliyopaswa kuyasema tangu mwanzo.

Tezi ya shingo, yaani thairoidi, ina umbo la kipepeo. Uvimbe mwingi wa tezi hii si saratani, na hilo tulishike kabla hatujaanza kutishana. Lakini saratani yake ipo, na hutupata sisi wanawake karibu mara tatu zaidi ya wanaume. Chembe za tezi zinapoharibika hivyo, askari hawalali, huja. Huja limfosaiti, na huja makrofaji, wale wakubwa ambao kazi yao ni kumeza vijidudu na takataka. Hawa wote huongozwa kwa ujumbe. Chembe moja hutoa protini ndogo sana ziitwazo saitokini, na chembe nyingine huzipokea, kama mama anavyomtuma mtoto kwa jirani. Ujumbe mmoja husema, "Njooni mpigane!" Mwingine husema, "Basi, tulieni, vita vimekwisha." Zote mbili zinahitajika, maana askari wasioambiwa basi huweza kuubomoa mwili wenyewe.

Ubaya ni kwamba saratani nayo inaijua lugha hiyo. Hutoa ujumbe wa kuwaita makrofaji, na wakifika huwageuza. Badala ya kummeza adui, wanamsaidia kuota mishipa mipya ya damu ya kumlisha, na wao wenyewe wanatoa ule ujumbe wa "tulieni", kama ule uitwao intalukini-10, ili limfosaiti wasipigane. Katika aina ya saratani ya tezi iliyo kali kuliko zote, iitwayo anaplastiki, makrofaji wamekutwa wakifikia hata nusu ya chembe zote zilizomo katika uvimbe. Askari tele, na mgonjwa anaangamia! Kwa hiyo suala si wingi wao tu, ni nani anayewaamrisha. Hakuna chupa ya mchuuzi inayolijua hilo.

Wala tusiseme kwamba askari ndani ya tezi ni wabaya daima. Mwaka 1912 daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, alieleza habari za tezi zilizojaa limfosaiti, na ugonjwa huo sasa una jina lake. Wenye hali hiyo hukutwa na saratani ya aina ya papilari mara nyingi kuliko wengine, lakini mara nyingi huwa nyepesi zaidi. Wataalamu wangali wanabishana ni lipi linalolileta lingine.

Mwenzetu alivutwa chembe za uvimbe kwa sindano nyembamba, kipimo cha dakika chache tu ambacho angeweza kukipata mapema. Ilikuwa papilari, ambayo hukua polepole na wengi hupona. Kwaya ilichanga, mume akauza mbuzi, akaenda Dar es Salaam kupasuliwa, kisha Taasisi ya Saratani Ocean Road kunywa iodini yenye mionzi. Tezi huifyonza iodini, na hata chembe za saratani zilizobaki huifyonza, zikaungua. Kabla ya hapo alikatazwa kwa muda chumvi yenye madini joto, ile ile tuliyomhimiza kila mwaka aitumie badala ya chumvi isiyotiwa kitu. Alicheka sana.

Kilichomliza ni jambo jingine. Baada ya dawa hiyo mtu hukaa mbali na watoto wadogo kwa siku kadhaa, kwa kuwa mwili wake bado unatoa mionzi. Kitinda mimba wake alikuwa na miaka mitatu. Alisubiri kwa dada yake mjini mpaka siku zikaisha, kisha akapanda basi. Sisi tulikuwa njia panda na yule mtoto mgongoni.

Sasa kila asubuhi humeza kidonge chake kabla ya chai, naye atakimeza maisha yote. Sauti ya juu haikurudi. Amehamia upande wa alto, na sisi tumelifuta lile somo la askari na kuliandika upya, yeye akiwa amekaa mbele.