Njia ya kwenda Ulaya ilichongwa na nani?

Katika miji ya mashariki ya Kongo, kuanzia Goma, Bukavu na Uvira mpaka Kalemie na Lubumbashi, familia nyingi zina mtu aliyekwenda Ulaya, anayejaribu kwenda, au anayesubiri kuitwa na ndugu aliyetangulia. Wazazi huuza kiwanja au ng'ombe ili mtoto mmoja apate njia. Wengine hurudi kutoka ubalozini mikono mitupu. Wengine hawarudi kabisa, kwa sababu jangwa au bahari ya Mediterania imewameza. Na kila habari ya msiba kama huo inapofika, mitaani husikika maneno yale yale: vijana wa leo hawapendi kazi, vijana wa leo wamedanganywa na simu.

Maneno hayo yana ukweli kidogo, lakini yanaanza hadithi katikati. Njia ya Kongo na Ulaya ina zaidi ya miaka 500, na watu wa kwanza kuipita walitoka upande wa pili.

Wakongomani wa magharibi huita Ulaya «Poto» au «Mputu». Jina hilo limetokana na Ureno, kwa sababu Mreno ndiye aliyefika kwanza. Mwaka 1482 baharia Diogo Cão alifika kwenye mdomo wa mto Kongo, na aliporudi kwao aliwachukua baadhi ya wenyeji. Hao hawakuomba kusafiri. Baadaye mfalme Afonso wa Kongo alituma vijana wa ukoo wake kusoma Lisbon, na mwanawe Henrique akawekwa kuwa askofu mwaka 1518. Kwa muda mfupi Mkongomani alikwenda Ulaya kama mgeni mwenye heshima. Lakini mwaka 1526 Afonso huyo huyo alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanakamata watu wake, hata watoto wa wakubwa na jamaa zake. Toka hapo bahari ikawa njia ya minyororo, kuelekea São Tomé na Brazili.

Upande wa mashariki mambo hayakuwa mbali na hayo. Misafara iliyotoka Unguja na Bagamoyo ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Kasongo na Nyangwe. Kiswahili cha Maniema na cha Kivu kilipita katika njia hiyo. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani mwa watumwa ziliishia kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Mkulima wa Maniema hakujua biliadi ni kitu gani, lakini kijiji chake kilichomwa moto kwa ajili ya mchezo huo. Leo watu wanasema «utandawazi» kama kitu kilichokuja na intaneti. Jina ndilo jipya. Jambo lenyewe liliwakuta mababu.

Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulipomalizika, Kongo ikawa mali ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka 1888 Dunlop alitengeneza tairi lenye upepo kwa ajili ya baiskeli, na baadaye magari yakaja. Dunia ilitaka mpira, na misitu ya Kongo ilikuwa nao. Karani mmoja wa kampuni ya meli, Edmund Morel, aliona jambo la ajabu bandarini Antwerp: meli zilifika kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, zikarudi Kongo zimebeba bunduki na risasi. Akaelewa kwamba hiyo haikuwa biashara. Watu walikuwa wanafanya kazi bila malipo, chini ya bunduki.

Wakati huo huo Wakongomani wachache walipelekwa Ubelgiji, si kwa kazi wala kwa masomo, bali kwa kutazamwa. Mwaka 1897, katika maonyesho ya Tervuren karibu na Brussels, Wakongomani 267 waliletwa, na baadhi yao wakawekwa katika vijiji vya kuigiza. Zaidi ya watu milioni moja walikwenda kutazama. Saba kati ya Wakongomani hao walikufa huko, na makaburi yao yapo Tervuren mpaka leo.

Baadaye, Kongo ilipokuwa koloni la Ubelgiji tangu 1908, mlango ulifunguliwa upande mmoja tu. Kuelekea mwaka 1960 Wabelgiji waliokuwa wakiishi Kongo walikaribia 90,000. Walikuja kutafuta nini? Kazi, mshahara mzuri, nyumba, maisha bora ya watoto wao. Ni vitu vile vile ambavyo kijana wa Uvira anavitafuta leo. Lakini hakuna aliyewaita wahamiaji.

Mkongomani, kwa upande wake, alizuiwa. Utawala wa kikoloni uliogopa kwamba akiona Ulaya kwa macho yake, atarudi na maswali. Paul Panda Farnana, aliyepelekwa Ubelgiji akiwa mtoto mwaka 1900, alisoma kilimo, akaipigania Ubelgiji mwaka 1914 na kutekwa na Wajerumani. Mwaka 1919 alianzisha chama cha kuwatetea Wakongomani walioishi huko. Maswali yalikuwa yameanza kweli. Ubelgiji ilipopungukiwa watu wa kuchimba makaa ya mawe, ilipatana na Italia mwaka 1946, kisha na Moroko na Uturuki mwaka 1964. Haikuwaita Wakongomani, ingawa maelfu yao walikuwa wachimbaji hodari katika migodi ya Katanga. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na Wakongomani 30 waliomaliza chuo kikuu.

Ndiyo sababu waliokwenda kwa wingi baada ya uhuru walikuwa wanafunzi. Wengi wao walirudi, kwa sababu kazi zilikuwapo nyumbani. Kisha mwaka 1973 Mobutu alitaifisha biashara za wageni na kuzigawa kwa watu wake, na baada ya muda mfupi bei ya shaba ikaanguka katika soko la dunia. Bei hiyo ilipangwa London, si Likasi wala Kolwezi, lakini njaa ililala Likasi na Kolwezi. Madeni yakapanda. Shirika la Fedha la Kimataifa likadai matumizi yapunguzwe, na walimu na wauguzi wakalipia kwa mishahara yao. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufikisha hata tani 50,000 mwaka 1994. Uporaji wa 1991 na 1993, kisha vita vya 1996 na 1998, vilimaliza kilichobaki. Aliyekwenda kusoma hakuona tena sababu ya kurudi. Mtaa wa Matonge huko Brussels, wenye jina la mtaa wa Kinshasa, ukajaa watu.

Msomaji anaweza kusema: uhuru umepita miaka zaidi ya 60, hadi lini Mzungu atalaumiwa? Swali ni la haki. Mobutu alikuwa na majumba Ubelgiji, Ufaransa na Uswisi. Pesa za umma zilihamia Ulaya kabla ya vijana kuhama, na waliozihamisha walikuwa Wakongomani. Lakini hata hapo njia ni ile ile: mali inatoka Kongo, inapokelewa kule bila kuulizwa imetoka wapi.

Leo zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka Kongo. Malori yanapanga foleni Kasumbalesa, yanavuka kwenda bandari za Dar es Salaam na Durban, na mzigo unapokelewa ng'ambo kwa furaha. Koltani ya Masisi inaondoka, inarudi ikiwa ndani ya simu, na simu hiyo ndiyo inayomwonyesha kijana picha za Brussels na Paris. Jiwe lililochimbwa na kaka yake halikuombwa viza. Yeye anaombwa karatasi ya benki, barua ya mwajiri, na uhakikisho kwamba atarudi.

Tena si kweli kwamba Wakongomani wote wanakimbilia Ulaya. Wengi wanaokimbia vita hubaki ndani ya nchi au huvuka mpaka wa karibu. Uganda peke yake inahifadhi zaidi ya nusu milioni. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ipo tangu 1996, na watoto waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Mzigo mkubwa unabebwa na majirani, ambao nao hawana kingi.

Historia hii haimlazimishi mtu kuondoka, wala haimzuii. Bahari haijali nani alianza, na mzazi anayemkabidhi mtoto kwa wasafirishaji wa magendo anamtia hatarini. Lakini kijana anapaswa kuijua kabla ya kufunga mzigo, ili akifika asijione ombaomba katika nyumba ambayo babu yake alisaidia kuijenga bila malipo. Na yule anayebaki asionwe kama aliyeshindwa. Mwalimu anayefundisha Fizi kwa mshahara unaochelewa, na mama anayeuza samaki Kalundu ili watoto wasome, wamebaki katika nchi inayolisha viwanda vya dunia. Wana haki ya kuwauliza viongozi wao, na wanunuzi wa ng'ambo pia, kwa nini nchi hiyo haiwezi kuwalisha wao kwanza.