Gobore la Babu

Miaka ya sabini pale Heru Juu, mahindi yakianza kubeba, babu alilishusha gobore darini. Kibali chake alikihifadhi pamoja na kadi ya TANU. Siku ya kushindilia, aliyeonja rubisi hakuruhusiwa hata kusogea.

Baruti ilikaa katika pembe ya ng'ombe, na babu aliipima kwa kipande cha mwanzi. Kukadiria kwa macho, alisema, ni kazi ya wanaotaka kufa. Akishaimimina mtutuni, aliifuatishia tambara, kisha akateremsha mdeki huku ametega sikio. Ukitua kwa mlio mzito, aliendelea kushindilia; ukidunda na kulia chuma, baruti imekaa. Hapo ndipo vipande vya risasi vilipoingia, na tambara jingine juu yake. Fataki aliivisha akiwa shambani, nyani wakishaonekana.

“Babu, na ukikosa?”

“Nikikosa, mjukuu wangu, nyani atanisubiri nishindilie tena?”

Bunduki za kushindilia hazikudumu bara kwa bahati tu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa gumegume na baruti ya kawaida. Na kabla ya hapo, bunduki hazikuwatisha sana wazee wetu: mwaka 1871 Waha walimtoza Stanley hongo juu ya hongo akielekea Ujiji, mpaka akaona heri apite usiku.

Ukubwani nilisoma habari za Wamarekani wanaojijazia risasi za rivolva kubwa za zamani kwa kujifurahisha. Risasi ya .45 Colt, iliyotoka 1873, nayo ilianza na baruti nyeusi kama ya babu. Wao hupima kwa mizani. Mizani haikunishangaza, nilichopenda ni kwamba huokota maganda, wakang'oa fataki iliyokwisha, wakapachika mpya. Babu, ambaye hakutupa hata msumari uliopinda, angewaelewa mara moja.

Kwa gobore lake, mlio mmoja ulitosha kuwatawanya nyani. Moshi mweupe ulijaa shamba zima. Jioni hiyohiyo mtutu ulioshwa kwa maji ya moto, maana masizi ya baruti yakilala humo, chuma huoza. Maji yalitoka meusi, yakinuka mayai viza. Kisha babu aliupaka mawese, na bibi akaanza: mawese yananunuliwa kwa pesa, na nyani mwenyewe haliwi.